Mfuko Ulioandikwa Rwamgasa

Ndembezi,
Shinyanga.
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Dorah,

Salamu kwanza, ndipo mengine. Najua umekwisha kuona maneno mekundu niliyoandika nje ya bahasha. Kama uliichana bila kuyasoma, iokote uyasome sasa hivi: usile tena hata kijiti kimoja cha udongo kutoka mfuko niliouandika Rwamgasa. Hilo likishakaa kichwani, mimi na wewe tunayo nafasi ya kusalimiana kama watu waliolelewa na bibi mmoja.

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia miguu inavimba jioni mpaka umeanza kuvaa ndala za Donatus. Mtoto anacheza? Kwa hesabu yangu unaingia mwezi wa sita, na huo ndio mwezi wa mateke. Shemeji Donatus naye natumaini ni mzima, na wanafunzi wake hawajamtia kichaa kwa mitihani. Newala joto lake nalisikia kwa watu tu, lakini najua wewe hulipendi.

Sisi huku tunaendelea. Mvua zimeanza vizuri. Davis mume wangu amepanda mahindi kila mahali, hata kwenye kinjia cha kwendea chooni, kwa hiyo mgeni akija inabidi aombe ruhusa ya kupita. Mama yako nilimwona Tinde Jumapili iliyopita. Mama mdogo Juliana ni mzima wa afya, presha imetulia, na amepata ndama wa kike anayemzungumzia kuliko anavyowazungumzia wajukuu. Anakutumia salamu, mwangaluka nyingi. Alinipikia ugali na mlenda, nikashindwa kuula kwa raha, maana anadhani mimi na wewe tunaongea kila siku kama kawaida yetu.

Hatuongei, Dorah. Leo ni siku ya kumi na tisa. Nikikupigia namsikia yule dada wa mtandao akiniambia nijaribu tena baadaye. Ujumbe natuma na hausomwi. Ndiyo maana nimekaa mezani kuandika kwa mkono, kitu ambacho sijakifanya tangu ulipokuwa bweni. Simu unaweza kuizima, lakini barua ikishafika mezani kwako itakaa hapo mpaka uisome.

Sikulaumu. Siku ile nilikupigia nikiwa nimechanganyikiwa, nikamwaga maneno ovyo, mimi ambaye kazi yangu ni kupanga maneno. Nilisema udongo, nikasema sumu, nikasema utafiti, halafu nikaanza kulia kabla hujaelewa kitu. Kisha ukauliza, "Dada, na zile mbili?" Ukakata simu.

Swali hilo nitalijibu humu humu. Ila niruhusu nianze pale nilipotakiwa kuanzia siku ile, ili safari hii unielewe.

Kazi yangu umeitania miaka yote kwamba nalipwa kufuta vumbi kwenye vitabu. Ukweli ni huu. Kila utafiti wa afya unaoingia maktaba ya chuo chetu, uwe wa mwanafunzi au wa daktari, mimi naupa maneno matano au sita ya kuutambulisha, ili anayetafuta aupate. Si maneno ya kujitungia. Yanatoka kwenye orodha moja rasmi, sisi tunaiita Orodha tu, na nje ya hiyo hairuhusiwi neno. Mmoja akiandika kifua kikuu na mwingine akiandika TB, Orodha inawaleta mahali pamoja.

Na kila neno lina mama yake, yaani neno kubwa lililo juu yake. Malaria mama yake ni Magonjwa Yaenezwayo na Mbu. Daktari akitafuta kwa jina la mama, watoto wote wanakuja. Lakini mtoto aliyewekwa kwa mama asiye wake haji, umwite usimwite. Kila Novemba tunaifanyia Orodha marekebisho. Tunaongeza maneno mapya, tunastaafisha yaliyochoka, na yaliyokaa vibaya tunayahamisha. Ijumaa ya nne, saa kumi alasiri, inafungwa, na hakuna anayeigusa mpaka mwaka unaofuata.

Sasa, Jumatatu ya tarehe nne niliandikiwa na daktari mmoja wa Geita, anaitwa Noela. Anahudumia wajawazito. Alisema ametafuta katika maktaba yetu kwa kuunganisha maneno mawili, Wajawazito na Madini Yenye Sumu, na hakupata hata ukurasa mmoja. Akauliza kwa upole kama ni kweli kwamba katika ukanda mzima huu wa dhahabu hakuna aliyewahi kupima wanachokula kina mama. Yeye alikuwa amesikia kuwa mwanafunzi wa chuo chetu hicho hicho aliwahi kupima udongo.

Nilikuwa na hakika amesikia uvumi. Nilitaka kumjibu hivyo kabla ya chai. Na ili ujue nilivyokuwa, nikuambie kwamba nilipokuwa nasoma barua yake nilikuwa na kijiti cha pemba mdomoni, kile kile cha udongo ninachokutumia wewe.

Niliandika Kula Udongo kwenye kompyuta. Tafiti tatu zikaja. Nikaangalia mama wa neno hilo ni nani, nikakuta Mila na Desturi za Uzazi. Udongo wetu ulikuwa umekaa pamoja na miiko ya mayai na ngoma za kumtoa mtoto nje. Kila neno kwenye Orodha lina historia yake: nani aliliweka, mwaka gani, kwa sababu gani. Nikafungua historia. Imeandikwa: Z.M., 2016. Sababu: desturi ya kawaida ya wanawake, haina madhara.

Z.M. ni mimi, Dorah. Niliandika "haina madhara" bila kupima kitu na bila kumuuliza mtu. Ningemuuliza nani, wakati bibi alikula, mama zetu walikula, na Mama Wema anauza pale sokoni Tinde katikati ya nyanya na dagaa? Ningeweka vipi kwenye sumu kitu nilichokuwa nakitafuna? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye droo ya ofisi.

Kati ya zile tafiti tatu, moja ni ya mwanafunzi wetu, ya mwaka 2018. Niliisoma nimesimama. Alinunua pemba kwenye masoko ya huku kwetu na ya Geita akazipima. Nyingi zilikuwa na madini kidogo tu. Baadhi, hasa zilizotoka karibu na machimbo, zilikuwa na madini ya risasi na aseniki kupita kiwango. Ameyaandika hayo kwenye muhtasari, mistari miwili ya mwisho.

Na huo utafiti niliupa maneno mimi. Mwezi ule zilikuwa zimerundikana tafiti zaidi ya mia mbili. Nilisoma kichwa chake na nusu ya muhtasari, nikaona udongo, nikaona wajawazito, nikajua mahali pake, nikashika unaofuata. Sikufika kwenye ile mistari miwili. Ilikuwa 2018. Mimba yako ya kwanza, ile iliyoharibika, ilikuwa 2019.

Hapo ndipo nilipokupigia simu. Sasa umeelewa kwa nini sikuweza kuongea kama mtu mwenye akili.

Sikiliza vizuri kuhusu mifuko. Mwaka huu nimekutumia mitatu kwa basi. Unaujua ugonjwa wangu wa kuandika kila kitu mahali kilipotoka, ule ulionicheka nao nilipoandika majina kwenye mitungi ya maji. Safari hii ushukuru ugonjwa huo. Mfuko wa kwanza umeandikwa Tinde, Juni. Wa pili Tinde, Agosti. Hiyo yote miwili nilinunua kwa Mama Wema.

Wa tatu umeandikwa Rwamgasa, Oktoba. Nilikuwa nimekwenda huko Geita kuchukua ripoti za zahanati, na kando ya barabara nikamkuta mama mmoja na beseni. Pemba zake zilikuwa laini, nyembamba, zimekaushwa vizuri, zina ile harufu ya ardhi ikipigwa na mvua ya kwanza. Nilionja moja hapo hapo. Nilimuuliza zimechimbwa wapi, akasema huko huko porini. Sikuuliza zaidi, na pori la huko unalijua lilivyo, kila penye shimo kuna mtu anatafuta dhahabu. Nilikufungia arobaini, nikabaki na tisa zangu. Tena nikakuandikia ujumbe kwamba hizi ni tamu kuliko za Mama Wema.

Kwa bahati kila mfuko niliokutumia nilibakiza kidogo kwenye droo, na kila kidogo kimeandikwa. Kesho yake baada ya simu yetu nilipeleka vyote vitatu maabara, Mwanza. Nilisubiri siku kumi na sita. Sikulala vizuri hata siku moja, muulize Davis, aliyehamia kitanda cha watoto kwa sababu ya kugeukageuka kwangu.

Majibu yalikuja juzi, Alhamisi. Nakala ipo humu ndani. Za Tinde, zote mbili, hazikuvuka kiwango. Ya Rwamgasa imevuka. Imevuka kwa risasi na imevuka kwa aseniki, wala si kwa kidogo. Nilikwenda kusimama nyuma ya tangi la maji nikaisoma mara tatu, nikidhani labda nimechanganya mistari.

Usiogope kupita kiasi. Nimeongea na daktari Noela kwa muda mrefu, naye si mtu wa kubembeleza. Amesema mama aliyekula kidogo hajapoteza mtoto. La kwanza ni kuacha mara moja. La pili ni kwenda hospitali, kumwambia daktari wazi umekula nini, na kupima damu, ili wakuangalie kwa karibu. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki usiviache. Kunywa maziwa, kula dagaa na mboga za majani. Namba yake ya simu nimeiandika juu ya karatasi za maabara, na amekubali kuongea na daktari wako wakati wowote. Karatasi hizi zote mpelekee huyo daktari wako, usizifiche.

Alhamisi hiyo hiyo nilimpigia Donatus. Maskini shemeji, alitoka darasani akaenda kuongea nyuma ya vyoo vya shule, kwa sababu umemkataza kupokea simu zangu. Nilimweleza kuhusu mfuko. Baada ya saa moja alinirudia akasema ametafuta jikoni, ametafuta chini ya kitanda, hakuna kitu. Akasema, "Shemeji, hata sijui kama huwa anakula. Sijawahi kumwona."

Atakuona wapi? Mwanamke wa kwetu hatafuni udongo mbele ya mumewe. Tangu siku hiyo najiuliza kitu kimoja. Ama mfuko umo kwenye lile sanduku lako la bati, umeufunika kwa khanga. Ama uliutupa chooni siku niliyokupigia. Ama umekwisha. Sijui ni lipi kati ya hayo matatu, na kutojua huko kunanimaliza.

Jana ilikuwa Ijumaa ya kufunga Orodha. Nitakusimulia, maana nawe umo ndani yake ingawa hujui.

Tulikuwa watatu kwenye kamati. Mkutubi mkuu ni Sostenes, mtu mwema, lakini taratibu kwake ni mke wa pili. Mwingine ni Klara, mkunga wa miaka mingi anayefundisha chuoni. Nilileta hoja kwamba Kula Udongo litolewe kwenye Mila, lipelekwe kwenye Madini Yenye Sumu. Sostenes akasema hoja za kuhamisha neno huletwa mapema kwa maandishi, kwa hiyo nisubiri mwaka kesho. Nikamwambia mwaka kesho kuna watu watakuwa wamezaa. Akatazama meza.

Lakini aliyenipinga kwa maana hasa ni Klara. Alisema, "Ukiliita sumu, Zipora, hakuna mjamzito atakayeniambia tena kwamba anakula. Watajifungia ndani wale."

Nilitaka kukasirika nikashindwa, kwa kuwa nililifikiria sanduku lako la bati. Alikuwa anasema kweli. Ilikuwa saa nane na nusu. Nilikaa pale naona mishale ya saa inakwenda, nikijua kwamba nikinyamaza, daktari Noela na wenzake watatafuta mwaka mwingine mzima wakakuta patupu, na kuna mama Kharumwa au Tinde au Newala atakayeletewa beseni akaambiwa zimetoka huko huko porini.

Mficha uchi hazai. Nikawaambia. Niliwaonyesha historia ya neno, nikasema Z.M. huyo ni mimi, na utafiti wa 2018 sikuusoma hadi mwisho. Sikukutaja jina, ila nilisema nina ndugu yangu mjamzito niliyemtumia mimi mwenyewe kwa mkono wangu, na leo hapokei simu yangu. Nikatoa droo yangu yote ya pemba, na karatasi ya maabara, nikaviweka mezani.

Kisha Klara akafungua mkoba wake. Akatoa kijiti kimoja kilichofungwa kwenye karatasi ya daftari, akakiweka kando ya vyangu. Mkunga wa miaka ishirini na saba, Dorah. Sostenes alivitazama akasema taratibu kwamba vya namna hiyo anaviona nyumbani kwake, na siku zote alidhani ni chaki za watoto.

Hapo nikapata wazo ambalo lilipaswa kunijia asubuhi. Nikasema basi neno libaki kwenye Mila, na papo hapo liwekwe kwenye Madini Yenye Sumu. Sostenes akasema haiwezekani, neno halina mama wawili, ndivyo ilivyo tangu Orodha ilipoanza. Nikamjibu, "Kwetu mtoto ana mama na ana mama mkubwa. Akikosekana kwa mmoja, anatafutwa kwa mwingine."

Alitaka kucheka, akajizuia. Nikamweleza kwamba sheria hiyo ilitokana na zile kadi za zamani za maktaba, kwani kadi moja haiwezi kulala kwenye droo mbili. Kompyuta haina shida hiyo. Klara akaniunga mkono. Alisema kwenye Mila mkunga atakumbuka kumuuliza mama kwa upole, na kwenye Sumu daktari atapata anachokitafuta, na wote wawili wanahitajika. Sostenes akafungua kitabu cha taratibu, akasoma, akafunga, akasoma tena. Dakika hizo niliziona ndefu kuliko zile siku kumi na sita.

Mwishowe akasaini. Neno liliingizwa saa kumi kasoro dakika saba. Nilikaa kwenye kompyuta nikatafuta kama alivyotafuta daktari Noela, Wajawazito na Madini Yenye Sumu. Zikaja zote tatu, na ya 2018 ilikuwa juu kabisa. Kwenye historia nikaandika: Z.M., 2024. Sababu: aliyeliweka mwanzo hakusoma hadi mwisho. Sostenes alinitaka nitumie lugha nzuri zaidi kidogo. Nikakataa.

Watu walinipa mkono, na jioni Noela aliniandikia neno moja la shukrani, wabeja. Ningetakiwa kufurahi. Nilifika nyumbani nikaangalia simu, ujumbe wangu kwako bado haujasomwa.

Sasa swali lako. Na zile mbili?

Sijui, Dorah. Miaka ile nayo nilikuwa nakutumia, tena siku zote za Mama Wema. Za Mama Wema za mwaka huu hazina tatizo, lakini siwezi kupima udongo wa 2019 na wa 2021, hakuna awezaye. Noela amesema mimba huharibika kwa sababu nyingi, na nyingi hazijulikani kabisa. Ningeweza kukuambia hapana ili ulale. Ungeijua sauti yangu ikidanganya, na usingeniamini tena hata kwenye hili la mfuko, ambalo nalijua kwa hakika.

Ninachoweza kukuambia ni hiki. Karatasi ilikuwa mikononi mwangu mwaka mmoja kabla, na sikuisoma hadi mwisho. Kama kuna kosa ni langu. Wewe ulikula ulicholetewa na dada yako, na hilo si kosa popote duniani. Nisipojua lolote lingine nalijua hilo, na nakuomba ulikubali hata kama mimi hutaki kuniona. Nimekosa, nisamehe. Kama bado huwezi, nikasirikie tu, mimi nipo, sihami. Ila nenda hospitali kwanza. Hasira yako kwangu itasubiri, damu haisubiri.

Mama mdogo sijamwambia kitu. Hilo ni lako kumwambia au kutomwambia. Mama Wema ndiye niliyemfuata leo asubuhi, nikamwomba asichanganye pemba zake na zinazoletwa na wachuuzi kutoka machimboni. Alijishika kiuno akauliza kama nimekuja kumharibia biashara. Nilipomwambia zake zimepimwa na hazikuvuka kiwango, akasema basi nimwandikie karatasi aibandike. Nilicheka, mara yangu ya kwanza mwezi huu. Sikumwandikia, kwa sababu nilichokipima ni mifuko miwili tu.

Mimi mwenyewe nimetoa damu, majibu bado. Katika zile tisa zangu za Rwamgasa nilikuwa nimekula tano. Droo sasa ni tupu. Nimeanza kutafuna karanga, lakini mdomo hautaki, unazungukazunguka kama wa mbuzi aliyekatazwa shamba. Najua na wewe itakuwa hivyo, tena zaidi, kwa hali yako. Ukizidiwa nipigie hata usipotaka kuongea, tunyamaze wote wawili mpaka hamu ipite.

Ombi langu ni moja. Ndani ya bahasha hii kuna mfuko mtupu, nimeshaandika jina langu na namba yangu juu yake. Tia humo pemba za Rwamgasa zilizobaki kwako, uurudishe kwa basi. Usiandike chochote kama moyo hautaki, ila kama ulizitupa, andika neno hilo moja tu. Kama zimekwisha, nirudishie mfuko ukiwa mtupu. Nilikufungia arobaini, nazikumbuka. Nitahesabu.

Msalimie sana Donatus, mwambie nimemkosesha kipindi cha darasa na namshukuru. Davis anakusalimu, na watoto wanauliza mtoto wa mama Newala ataitwa nani. Klara, ambaye hakujui, naye amesema nikusalimu. Mama yako salamu zake nimeshakupa. Kwa mama mkwe wako nifikishie shikamoo.

Mungu aliyekufikisha mwezi wa sita akushike mkono mpaka wa tisa, akulaze na kukuamsha salama, wewe na huyo anayecheza.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinizimia simu,

Zipora

Tena, Dorah: ukirudisha arobaini nitalia. Ukirudisha mfuko mtupu nitalia. Lakini rudisha, nilie nikijua.